Mkia wa mshipi: nilivyojifunza kutengeneza lida kwa bei ya duka la nyavu

Fimbo sikuinunua, niliachiwa. Mgeni mmoja kutoka Afrika Kusini, niliyemzungusha kwa boti wiki nzima hapa Mikindani wakati wa kaskazi, siku anaondoka alinikabidhi begi refu jembamba akasema nimemvumilia vya kutosha, nami nijaribu. Ndani mlikuwa na fimbo ya vipande vinne, rili yenye kamba nene ya rangi ya ndimu, kiboksi cha nzi wa manyoya, roli mbili ndogo za mshipi, na bahasha tatu za kile alichokuwa akikiita lida. Bahasha moja ilikuwa tupu tayari.

Kwa asiyeujua uvuvi huu wa nzi: haufanani na mshipi wetu. Sisi tunarusha chubwi, kile kizito cha kuzamishia, na chubwi ndilo linaloondoka na mshipi. Nzi hana uzito wowote, ni manyoya na uzi vimefungwa kwenye ndoana, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni ile kamba nene, na nzi anafuata nyuma kama abiria. Lakini kamba nene huwezi kuifunga moja kwa moja kwenye ndoana, samaki ataiona toka Msangamkuu. Katikati ndipo inapokaa lida: mshipi wa mita mbili na nusu hadi tatu, unaoanza mnene na kuishia mwembamba kama mkia wa samaki taa. Kile kipande cha mwisho chembamba, anapofungwa nzi, wenyewe wanakiita tipeti. Kila ukibadilisha nzi unakata kidogo. Kila ukinasa kwenye mwamba unakata tena. Tipeti inakwisha, unaanza kuila lida yenyewe, na ukishafika kwenye unene, basi.

Zile mbili nilizila ndani ya siku nne. Mwamba wa mlango wa Mikindani hauna huruma, na mimi nilikuwa narusha kama mtu anayefukuza nyuki.

Nikamwandikia mgeni wangu kumuuliza bei. Akanijibu kwamba lida moja ya dukani kwao ni kama dola 5 hadi 10, na roli ya tipeti nzuri ya baharini inaweza kupita dola 20. Hapo bado kusafirisha. Nikahesabu: kwa mwendo wangu wa lida mbili kwa siku nne, ningevua kolekole ambao kilo moja inanigharimu kuliko kamba kochi wa hotelini. Nikaifunga fimbo, nikaitundika darini.

Ilikaa huko mpaka siku moja mvua ilipokatiza safari na mimi nikakumbuka zile roli mbili ndogo. Zilikuwa hazijaguswa. Moja imeandikwa 2X, nyingine 4X. Nikajiambia, herufi kama ya nguo: ukubwa wa X mara nne lazima uwe mnene kuliko mara mbili. Nikafunga 4X, nikaingia majini asubuhi, maji yanajaa, dagaa wanaruka pembeni ya mikoko. Kolekole akaja, si mkubwa, kama kilo mbili hivi. Akamchukua nzi, akageuka. Sikusikia hata mvuto. Nilibaki na fimbo iliyonyooka na mdomo wazi.

Baadaye nilielezwa kwamba namba za X zinakwenda kinyume. Unachukua 11, unatoa namba ya X, unachopata ni unene kwa elfu za inchi. Kwa hiyo 4X ni elfu 7 za inchi, yaani milimita 0.18 hivi, 2X ni elfu 9, milimita 0.23. Mshipi wa samaki wadogo wa mito ya baridi huko Ulaya. Mimi nilimfungia kolekole uzi wa kushonea vifungo. Tangu siku hiyo X sizisomi kabisa, nasoma milimita tu, na nikiona roli haina milimita naiacha dukani.

Kosa la pili nililifanya kwa kujiona mjanja. Nikasema kama shida ni unene, dawa ni kununua mshipi wa kawaida wa 0.35, nikate mita tatu, nifunge moja kwa moja kwenye kamba ya ndimu, nimalize. Nikafanya hivyo. Kamba ilikwenda vizuri hewani, ikanyooka, na ule mshipi wangu ukafika ukajimwaga juu ya maji kama tambi zilizopinduliwa sufuria. Nzi akaanguka juu ya kamba yenyewe. Nikarudia mara ishirini, tambi zile zile. Ndipo nikaelewa kwa nini lida inaanza nene. Nguvu ya mrusho inatoka mkononi, inapita kwenye fimbo, inapita kwenye kamba, na inahitaji njia ya kushukia polepole hadi kwa nzi. Ukiikata ghafla, kutoka kamba nene kama waya wa simu hadi uzi, nguvu inaishia palepale na kilichobaki kinaanguka chenyewe. Unaweza kuiona kwa mjeledi wa mchunga ng'ombe: mnene mkononi, mwembamba nchani. Hakuna anayetengeneza mjeledi wa unene mmoja.

Basi nikaenda Mtwara mjini, kwenye duka la vifaa vya uvuvi, lile lenye maboya yametundikwa mlangoni. Muuzaji aliponiona nachagua roli za unene mbalimbali, nashika hii, naacha ile, akaniuliza, "Njomba, unataka kuvua nini hasa?" Nadhani alihofia nataka kusuka nyavu za nailoni ya uzi mmoja, ambazo sheria imezikataza. Nikamwambia natengeneza mkia. Akacheka. "Mkia wa nini, wa nyani?" Lakini akanishushia boksi zima.

Nilinunua roli tano: 0.60, 0.50, 0.45, na mbili za 0.40 za aina tofauti. Zote pamoja hazikufika bei ya lida mbili za mgeni. Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipoanza kunoga, maana nilitaka kujua nimenunua nini.

Kwanza nilikwenda kwa fundi wa mashine ninayempelekea injini za boti, nikamwomba venia yake, kile chombo cha kupimia unene. Nilipima kila roli sehemu tatu tofauti. Ile 0.40 ya kwanza, iliyoandikwa pia kwamba inabeba kilo 15, ilikuwa na unene wa 0.46. Kumbe walipunguza namba ili mshipi uonekane mwembamba lakini wenye nguvu. Ile 0.40 ya pili ilikuwa 0.40 kweli. Fundi akaniambia, "Hiyo ya pili ndiyo ya waaminifu." Nikakubaliana naye, na wote wawili tulikuwa tumekosea.

Jioni nikafunga ncha moja ya mshipi kwenye tawi la mwembe, ncha ya pili kwenye mkono wa ndoo tupu, kwa fundo lile lile ninalolitumia baharini. Hilo ni muhimu, kwa sababu mshipi haukatiki katikati, unakatika kwenye fundo, na kupima mshipi usio na fundo ni kama kupima mnyororo bila kufuli. Kisha nikachukua kopo la lita moja, nikawa namimina. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina haja ya mizani. Watoto wa jirani wakakusanyika, wakawa wanahesabu kwa sauti: tano! sita! Ile 0.40 ya waaminifu ikakatika kwenye lita ya sita, ndoo ikaanguka, maji yakatapakaa, watoto wakashangilia. Ile ya waongo, yenye 0.46, ikafika lita 11. Mke wangu alitoka nje akasema hajawahi kuona mtu mzima anamwaga maji ya kununua ili kupima kamba.

Ile ya lita sita ilinisumbua. Nailoni nzuri ya 0.40, hata ikiwa na fundo, inatakiwa kubeba zaidi ya hapo. Nikarudi dukani kuangalia, na jibu lilikuwa linaning'inia mlangoni. Roli ile ilitoka kwenye fungu lililotundikwa nje, pamoja na maboya, linapopigwa na jua toka asubuhi hadi muuzaji anapofunga. Jua linaila nailoni. Huoni kitu mwanzoni. Rangi inapauka kidogo, uso wa mshipi unakuwa kama umepakwa unga, ukiukunja unabaki na alama nyeupe. Nikamwomba muuzaji anifungulie boksi la ndani, ambalo halijawahi kuona jua, nikanunua 0.35. Venia ikasema 0.35. Ndoo ikasema lita nane. Mshipi mwembamba zaidi, wa bei ile ile, ukaushinda mnene kwa lita mbili, kwa sababu tu ulilala gizani.

Kwa hiyo nikija dukani siku hizi siangalii jina wala picha ya samaki anayeruka. Naomba wa ndani ya boksi. Navuta kipande cha urefu wa mkono, nakipitisha katikati ya kucha mbili. Kama kina mikwaruzo au uvimbe nitausikia. Nafunga fundo moja la kawaida katikati, nalivuta polepole. Mshipi mzima unakuumiza kidole kabla haujakatika. Uliooza unakatika kama mkate mkavu, tap, na mkono hauna hata alama. Muuzaji wa kweli hakukasirikii kwa kukata kipande cha shibiri moja. Anayekasirika ana sababu.

Jambo lingine ndoo ilinionyesha bila mimi kutafuta. Siku ya pili nilirudia kupima ile 0.46 baada ya kuiloweka usiku kucha kwenye kopo, ikaachia lita ya 10 badala ya 11. Nailoni inakunywa maji, na ikishalewa inapungua nguvu, kama moja ya kumi hivi au zaidi kidogo. Nguvu wanayoandika kwenye roli mara nyingi ni ya mshipi mkavu. Samaki wetu hawali pakavu.

Sasa kutengeneza lida yenyewe. Mgeni alinitumia vipimo kwa futi na inchi, nikajaribu kuvifuata kwa rula, nikachoka. Baadaye nikavigeuza kwa vipimo vya babu zetu na vikanikaa. Mshipi wa 0.60, mikono mitatu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Wa 0.50, mkono mmoja. Wa 0.45, shibiri moja. Kisha tipeti ya 0.35, mkono na shibiri. Ukijumlisha ni mita mbili na sabini hivi, ndiyo futi zao tisa. Sehemu nene inachukua nusu nzima, na usiifanyie ubahili. Nimewahi kuifupisha ili nisimalize roli na tambi zikarudi. Tena kwa sehemu hii mshipi wa bei rahisi ni mzuri kuliko wa ghali, kwa sababu ni mgumu, unakataa kupinda, na ugumu ndio unaohitajika pale juu. Ule mlaini ambao mgeni anaulipia pesa nyingi unafaa kwenye ncha tu.

Ugumu una adhabu yake. Mshipi unaokaa kwenye roli miezi unaikumbuka roli. Ukiutoa unabaki na mapete mapete. Nilikuwa nikiunyoosha kwa kuukwangua na kitambaa hadi unapata moto, nikawa nauharibu. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenipa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Unaukunja, unaubana mshipi katikati, unauvuta polepole mara mbili tatu, unanyooka kama ulivyozaliwa. Kipande hicho nimekifunga kwenye begi hadi leo.

Mafundo nayaeleza kwa kifupi kwa sababu kuyaandika ni kazi bure, mpaka mtu akuone mikono. Kwa unene unaokaribiana, 0.50 na 0.45, ninazungusha kila upande mara nne na kuzirudisha ncha katikati. Kwa unene unaopishana sana ninaweka vipande viwili sambamba, nakunja kitanzi, napitisha vyote viwili mara tatu. Wenyewe wanaliita fundo la daktari wa upasuaji. Juu kabisa ninamalizia kwa kitanzi, kamba ya ndimu nayo ina kitanzi chake, vinaingiliana, kwa hiyo lida nzima naibadilisha bila kisu. Na kabla ya kulikaza fundo lolote, naliweka mdomoni. Mate yanaliteleza. Ukilikaza kavu, mshipi unajisugua wenyewe kwa wenyewe, unapata joto mahali huwezi kuliona, na umeuua kabla samaki hajaja. Nimelipima hilo kwa ndoo pia: fundo kavu liliachia lita mbili mapema.

Kuna msimu nilipata tamaa ya flurokaboni, mshipi wa aina nyingine usio wa nailoni. Mgeni mwingine, rafiki yake yule wa kwanza, alinibakizia nusu roli. Maneno yanayosemwa juu ya kitu hiki ni mengi, na wauzaji wanasema zaidi. Kilitoka Japani, kampuni ya Kureha ndiyo iliyoanza kukiuza kama mshipi wa kuvulia mwaka 1971. Sifa yake kubwa ni kwamba hakionekani majini, na kuna ukweli kiasi: nuru inapita ndani yake kwa namna inayokaribia maji kuliko inavyopita kwenye nailoni. Kipimo cha maji ni 1.33, flurokaboni 1.42, nailoni inapita 1.5. Inakaribia, lakini haifiki. Nimeitumbukiza kwenye glasi na nimeiona vizuri tu kwa macho yangu haya ambayo si ya samaki.

Nilipoitumia wakati wa kusi, maji yamechafuka, mawimbi yamekoroga mchanga, sikuona tofauti yoyote na nailoni yangu ya dukani. Kolekole anayekimbiza dagaa hana muda wa kukagua mshipi. Wakati wa kaskazi maji yakiwa meupe, labda. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni vitu vingine ambavyo havikunenwa sana. Haikunywa maji, nilipoiloweka na kuipima ndoo haikubadilika. Jua haliiharibu upesi. Inazama, kwa sababu ni nzito karibu mara mbili ya maji, wakati nailoni inayazidi maji kidogo tu. Ukiwa na nzi wa kuelea juu hiyo ni hasara, ukiwa na nzi wa kuzama ni faida. Na kubwa kuliko yote, inavumilia mwamba. Samaki anapokuburuza juu ya matumbawe, nailoni inachanika nyuzi nyuzi, hii inakwaruzika uso tu.

Kwa hiyo hesabu yangu ikawa hivi: siinunui kwa ajili ya lida. Naweka mkono mmoja tu mwishoni, na siku za mwamba tu. Nusu roli ile imenichukua mwaka na miezi.

Lakini sikufika kwenye hesabu hiyo bila kulia. Siku ya kwanza kuifunga niliunganisha flurokaboni na nailoni kwa lile fundo la mizunguko minne, kama nilivyozoea. Ni vitu viwili vyenye tabia mbili, kimoja kigumu na kinateleza, kingine kinavutika. Tulikuwa nje kidogo ya mlango, maji mafu, bahari imelala. Kolekole alikuja kutoka chini akampiga nzi, na huyu hakuwa wa kilo mbili. Kamba ya ndimu iliondoka yote, nikaanza kuona kamba ya akiba iliyo chini yake, ambayo sikuwahi kuiona tangu nipewe rili. Kijana niliyekuwa naye aliwasha injini tumfuate. Dakika kumi hivi. Tulimwona ubavu, mpana kama sinia ya pilau, akageuka mara moja, na kamba ikalegea. Nilivuta nikitegemea mshipi uliokatika. Haukukatika. Ncha ilikuwa imejikunja mviringo kama mkia wa nguruwe: fundo lilikuwa limefunguka lenyewe, limeteleza mzunguko mmoja mmoja hadi likaisha. Mkia wa nguruwe maana yake ni kosa la mfungaji. Ukikatika kwa mkwaruzo ncha inakuwa na nyuzi nyuzi, hilo ni la mwamba. Ukikatwa safi kama kwa wembe, hilo ni la meno. Siku hizi kila nikipoteza samaki naangalia ncha kwanza, halafu ndiyo nalaumu.

Ya wembe nayo nimeyaona. Mzia, samaki mwenye meno makali, hana habari na milimita zako. Kwa ajili yake nilifumua waya wa breki ya baiskeli, nikachukua uzi mmoja wa ndani, shibiri moja, nikausokota kwenye ndoana. Unafanya kazi vizuri kwa siku moja. Siku ya pili umeshika kutu, na kutu inavunjika, kwa hiyo sirudii waya uliolala na chumvi. Bei yake inaruhusu kuutupa. Ila siutupi baharini, wala vipande vya mshipi siviachi majini. Flurokaboni hasa, hicho kitu hakiozi leo wala kesho, na kasa hajui kwamba si chakula. Nina chupa ya maji ya plastiki kwenye boti, mabaki yote yanaingia humo.

Baada ya yote haya nilikwenda kumwonyesha mjomba wangu, anayevua kwa mshipi wa mkono toka mimi sijazaliwa. Nilitaka asifie. Nikamtandikia lida yangu mchangani, nikamweleza: hapa nene, hapa inapungua, hapa inapungua tena, mwisho ndiyo hii nyembamba.

Akaipitisha vidoleni yote, fundo kwa fundo, kimya. Halafu akaenda kwenye mtumbwi, akarudi na kibao chake alichozungushia mshipi. Mshipi wake mkubwa ni wa 0.80. Lakini kabla ya ndoana pana kipande cha pima moja, chembamba zaidi, kimeungwa kwa fundo dogo lililokazwa vizuri kuliko yangu yote.

"Huu ni mkia," akasema. "Ndoana ikinasa kwenye mwamba, unakatika mkia, mshipi unarudi na chubwi linarudi. Unapoteza ndoana moja. Ukiweka mshipi wa unene mmoja, mwamba unakuchukulia pima thelathini."

"Mbona hukuwahi kuniambia, mjomba?"

"Ulikuwa unauliza habari za injini."

Nikamwuliza mkia wake ananunua mshipi wa duka gani. Akasema haununui, anaukata kutoka mwisho wa roli, ule wa ndani kabisa uliokaa karibu na plastiki, kwa sababu haujaona jua. Miaka yote hiyo. Mimi nimemwaga ndoo ngapi za maji kulijua hilo.

Akaniomba kipande cha flurokaboni ajaribie samaki aina ya changu, kule kwenye miamba anakokwenda usiku. Nikampa mikono miwili. Akakivuta, akakiuma kwa jino la pembeni, akakitazama kwenye mwanga, akauliza bei. Nilipomtajia alikizungusha taratibu kwenye kidole, akakiweka ndani ya kopo la tumbaku, akafunga kifuniko. Hiyo ilikuwa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nilipomuuliza juzi kama ameshakitumia, alisema bado, anasubiri samaki wa bei hiyo.

Mimi roli yangu ya 0.35 imebaki kama pima kumi. Muuzaji anasema mzigo mpya ataleta watu wakishalipwa pesa za korosho, na nimemwomba zangu asizitundike nje.